Nyama Niliyoikataa Tura

Samli inanukia vizuri. Naanza na hilo ili mtu asije kusema baadaye kwamba nilificha. Jana jirani yangu aliweka sufuria motoni, akatia kijiko kimoja cha samli kwa ajili ya wali wa wageni wake, na harufu ikapita juu ya ua ikanikuta nimekaa mkekani na sindano mkononi. Mate yalinijaa. Nimeishi zaidi ya nusu ya maisha yangu bila kuonja samli, wala nyama, wala samaki, wala yai, wala maziwa, wala asali, na bado mdomo wangu haujapata habari.

Watu wakijua jinsi ninavyokula huniuliza maswali yale yale. Ni dini gani hiyo? Ni mganga gani aliyekukataza? Una ugonjwa gani? Hakuna anayeuliza kama nimeamua. Ninyi mlio rika langu, mliokulia Tabora wakati mmoja nami, mnajua kwamba kwetu mtu kutokula kitu fulani si ajabu. Kila ukoo una mnyama wake usiomgusa. Wanawake wa zamani hawakula kuku wala mayai, na shangazi yangu Nyamizi amezeeka bila kujua yai lina ladha gani, wala hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali. Kinachowakera watu si kutokula. Ni kutokula bila kuamriwa.

Nitaandika polepole, kwa sababu nina tabia ya kuchana karatasi. Huu ni mwanzo wangu wa nne. Mitatu ya kwanza niliitia motoni kwa kuwa mistari ilipinda. Sikusomeshwa shule. Herufi nilizidokoa kwenye kibao cha kaka yangu Masanja na kwenye kurasa za magazeti yaliyofungiwa chumvi na sukari dukani, na mtu aliyedokoa herufi huogopa kila siku kwamba mwenyewe atakuja kuzidai. Kwa hiyo mkiona kosa, mliache lipite. Mimi sijui kuliacha, lakini ninyi huenda mnajua.

Tulikaa nyuma ya karakana ya reli, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mabua. Baba alikuwa kibarua katika genge la reli, lile la kukaza misumari na kupanga kokoto, chini ya msimamizi Mwingereza aliyepita na kigari chake cha relini bila kumwamkia mtu. Mama alilima kunde, karanga na viazi kwenye kipande cha shamba nje ya mji. Masanja, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, alikuwa shuleni. Mimi nilikuwa nyumbani, na nilikuwa na jina zito: Kalunde, jina la bibi mzaa baba, ambaye sikumkuta.

Bibi Kalunde alikuwa mtu wa hadithi. Alikwenda pwani kwa miguu pamoja na mumewe enzi za wapagazi, akabeba chungu na mtoto wakati mumewe amebeba pembe za ndovu. Wakirudi walipita Mgunda Mkali, lile pori refu lisilo na maji ambalo misafara yote ililiogopa, na mahali pa kwanza walipouona moshi wa majiko ya watu palikuwa Tura. Shangazi Nyamizi, dada yake Baba, bado alikaa huko Tura, na kila alipokuja kwetu kwa treni tulimwomba hadithi ile ile. Bibi alipofika alipewa mguu wa mbuzi agawane na watu wanne. Akakaa chini. Akaula wote. Akaramba mfupa, akapangusa mikono, akainua macho na kusema, "Haya, wenzangu wako wapi?" Masanja aliigiza kuramba mfupa mpaka Mama akacheka akashika mbavu. Tulimpenda Bibi kwa mguu ule.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi homa iliponishika na kukataa kuondoka. Dawa za zahanati zilikwisha, homa ikabaki. Shangazi akaja kutoka Tura na mbuzi, mweupe, mdogo, akamfunga karibu na dirisha la chumba nilicholala. Kwa siku mbili mimi na mbuzi yule tulitazamana. Sikuwa na mtu mwingine wa kumtazama; Masanja alikatazwa kuingia, na Mama kila akinitazama alilia. Mbuzi hakulia. Alitafuna vitu ambavyo havikuwepo, akanitazama kwa macho yale yaliyolala upande, nami nikamweleza mambo mengi ambayo siwezi kuyakumbuka.

Asubuhi ya tatu nikaamka nimelowa jasho na kichwa chepesi. Dirishani hapakuwa na kitu. Mkononi mwangu palikuwa na kipande chembamba cha ngozi mbichi, kimefungwa kama bangili, chenye manyoya meupe. Baba, ambaye Jumapili aliimba sauti ya pili kanisani, alikuwa nje akitengeneza baiskeli ambayo haikuharibika.

"Mama, mbuzi yuko wapi?"

"Amekuponya," Mama akasema, akanifuta shingo kwa kitambaa. "Kunywa mchuzi huu, mwanangu. Upate nguvu."

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa hivi: nyumbani kwetu palikuwa na nafasi moja ya kufa, ilikuwa yangu, na mbuzi aliichukua. Na huyu hapa ndani ya bakuli. Niligeuza uso ukutani. Mama alidhani ni homa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, si kwa wema. Ilianza kwa hofu. Nilijiwekea sheria kwamba nisipopokea kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, hakuna mnyama atakayelazimika kusimama tena mahali pangu. Na kwa kuwa niliumbwa na tabia ya kutaka kila kitu kinyooke, sheria haikukaa ndogo. Kwanza nyama, halafu mchuzi wake, halafu dagaa, maana nao wana macho. Yai likafuata, kwa sababu ndani yake yumo mtu ambaye hajaanza. Maziwa niliyaacha siku nilipomwona ndama amefungwa kamba hatua tatu kutoka kwa mama yake, anavuta mpaka shingo inachubuka. Samli ilikuwa mtoto wa maziwa. Niliitafutia udhuru kwa siku kadhaa, sikuupata. Asali ndiyo iliyoniuma kuliko vyote. Mnaijua asali yetu, ile nyeusi inayonukia moshi wa miombo. Mjomba mwenye mizinga porini alituletea kibuyu, na nilipochungulia nikaona nyuki sita wameelea juu, mabawa yameshikana. Nikakifunika kibuyu. Masanja akala fungu langu huku akinitazama usoni ili nione jinsi linavyovutika.

Sasa niwaambie nilikula nini, kwa sababu watu hudhani nilikufa njaa. Nilikula chakula cha nyumba yetu. Nyama yenyewe tuliiona mara chache, sikukuu au msiba. Siku nyingine zote wote tulikula nilichokula mimi: ugali wa mtama, mlenda, kunde, njugu mawe zilizochemshwa na chumvi, kisamvu kilichoungwa kwa karanga mpaka kikawa kizito na laini. Masika tuliokota uyoga porini, na uyoga ule ukikaangwa kwa mafuta ya karanga hauhitaji msaada wa mtu. Kiangazi tulikuwa na matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vipande vya mti. Unatia mfukoni, unatafuna njia nzima. Asubuhi uji wa ulezi wenye ukwaju. Hakuna chakula rahisi kuliko hicho Tanganyika nzima. Nilijifunza mwenyewe kusaga karanga mara mbili ili tui lake liwe jeupe, na kuchoma ufuta kidogo kabla ya kuutwanga. Hakuna aliyenifundisha. Nilirudia mpaka ikatoka sawa, nikarudia tena kwa sababu mara ya kwanza huenda ilikuwa bahati.

Kwa hiyo tatizo halikuwa siku za kawaida. Tatizo lilikuwa siku ya nyama, kwa sababu nyama ya nadra ndiyo yenye heshima. Baba alipoleta nusu ratili akiwa amekwishapokea mshahara, ile haikuwa nyama. Ilikuwa Baba mwenyewe, jasho lake, mgongo wake kwenye kokoto. Na mimi nikasema siitaki.

"Mtawa wa mlenda," Masanja akaniita. "Tuombee, mtawa."

"Nyamaza."

"Mtawa hakasiriki."

Mama hakucheka. Alinipeleka zahanati, na dresa, yule mfunga vidonda, akanitazama macho, ulimi na kucha, akaniambia nibebe gunia la pamba lililokuwa pale pembeni. Nikalibeba. "Huyu ana nguvu kuliko wewe, mama," akasema. 

Baada ya wiki moja nilikula kisamvu nikakishtukia katikati ya tonge la tatu. Mama alikuwa ametia samli. Kidogo tu, chini, ambapo jicho halioni. Nilitoka mbio mpaka kwenye jalala la majivu nikausugua ulimi kwa majivu mpaka ukatoka damu. Sisemi haya kwa kujivuna. Mtoto anayesugua ulimi wake kwa majivu si mtakatifu, ni mtoto mwenye hofu, na ningemkuta leo ningemnawisha mdomo na kumwambia akae chini. Mama alinikuta pale. Akaanza kunigombeza, sauti ikamkatikia njiani.

"Watu wanasema nakunyima," akasema. "Wanasema nampa Masanja nyama, wewe nakupa majani. Unajua hilo? Kisimani wanasema hivyo."

"Waambie mimi sitaki."

"Mtoto hana sitaki, Kalunde."

Kuanzia hapo nikawa na chungu changu. Nilikisugua kwa mchanga kabla ya kupika na baada ya kupika, nikakinusa, nikakisugua tena. Mikono ilipasuka. Aliyeniokoa na chungu kile ni Bi Zuwena, jirani yetu wa upande wa barabara, ambaye wazee wa wazee wake walitoka Omani na mumewe aliuza vitambaa na tende. Alinikuta nikikisugua kwa mara ya tano.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Hicho chungu kimekukosea nini, binti?"

Nikaendelea kusugua. Akanichukua barazani kwake akanipa sindano, uzi mweupe na kipande cha kitambaa kilichochorwa kwa penseli maua madogo na misalaba midogo. Alikuwa akishona kofia za wanaume, zile za vitobo, ambazo kila kitobo hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kisimame wazi. Kofia moja ina vitobo mamia. Nilishona kimoja. Kikapinda. Nikafumua. Nikashona, nikafumua.

"Kofia ni ya kuvaliwa," Bi Zuwena akasema, "si ya kuogopwa. Nenda kitobo cha pili."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa ruhusa ya kwenda kitobo cha pili. Sikuweza siku ile, wala ya pili. Lakini siku ya tatu nilikwenda, na katikati ya mstari nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimefikiri juu ya samli, wala homa, wala macho ya mbuzi. Mkono ulikuwa unakwenda na kurudi, jua liko mgongoni, Bi Zuwena anaimba kitu kisicho na maneno. Mpaka leo nikishikwa na hofu sinywi dawa. Natia uzi kwenye sindano.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani nilimwuliza kama kufunga kunamtesa. Akasema kunamtesa sana saa tisa alasiri, hasa akisikia mtu anakaanga vitunguu.

"Na watu hawakusumbui?"

"Wanisumbue kwa nini? Nimeamrishwa. Wewe je?"

"Mimi hapana."

Akaivuta sindano mpaka uzi ukaisha. "Basi kazi yako ni ngumu kuliko yangu," akasema, akanipa tende mbili.

Ndipo Shangazi Nyamizi akaja tena kutoka Tura, mwaka mmoja baada ya homa, na kikapu cha karanga kichwani. Alinitazama nikila peke yangu kutoka chungu changu. Alimsikiliza Mama analalamika. Kisha akapiga makofi mara moja.

"Ninyi hamna macho," akasema. "Huyu mtoto anaitwa nani?"

"Kalunde," Mama akasema.

"Kalunde! Na mnamuuliza yeye? Mwenye jina ndiye anayekataa. Bibi yake yumo humo. Marehemu mama alipotoka Mgunda Mkali, baada ya kuona wenzake wanaanguka njiani, alifika Tura akaapa hatagusa kitu chenye damu tena. Mlitaka mtoto afanye nini? Anafuata mwiko wa mwenye jina."

Masanja alikuwa mlangoni. Akainama sikioni kwangu. "Mguu wa mbuzi umekwenda wapi?"

Nilimkanyaga. Lakini na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Baba akakuna kidevu. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa pia mtoto wa mama yake, na nafikiri alipenda kusikia kwamba mama yake alikuwa ndani ya nyumba. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Sasa naungama. Nilinyamaza. Nilijua ni uongo na nilinyamaza, na wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu kuliko asali ile. Mama alinitengea karanga za kwanza kabla hajatia nyama kwenye chungu kingine. Kisimani wanawake walinipisha. Mama mmoja mtu mzima aliinama kunisalimu kana kwamba mimi ndiye niliyetembea mpaka pwani. Masanja aliacha kuniita mtawa, akaniita "bibi", kwa mzaha kwanza, halafu mzaha ukapungua. Kila nilichokuwa nimekipigania kwa mwaka mzima nilipewa bure kwa sababu sikukitaka mimi, alikitaka marehemu. Nilikula kwa amani lakini sikuweza kulala usiku wala kushona mstari mmoja ulionyooka. Kuna kitu kilikuwa kimepinda na nilijua kitobo chenyewe kiko wapi.

Halafu Shangazi akaleta neno: mwiko haukai hivi hivi. Lazima bibi aambiwe mbele ya ukoo kwamba tumemsikia, mahali alipozikwa, Tura. Mtoto aseme kwa mdomo wake alichokatazwa. Baada ya hapo hakuna atakayemsumbua mpaka aolewe, na mume ataambiwa mapema.

"Na mbuzi?" Baba akauliza.

"Mbuzi ninaye," Shangazi akasema.

Nilikuwa nimeshika kofia ya Bi Zuwena. Sindano iliingia kidoleni mpaka mfupani, sikulia. Walikuwa wanataka kuchinja mbuzi ili kutangaza kwamba mimi sili mbuzi. Niliwatazama mmoja mmoja nione kama kuna anayecheka. Hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Tulipanda treni ya kwenda Tura, Baba na cheti chake cha mfanyakazi cha kusafiria bure, sisi na vikapu. Tulifika jua halijawa kali. Kwa Shangazi palikuwa na watu wa ukoo kama ishirini, wamekuja na vigoda vyao. Wanawake walikuwa wamekwishabandika chungu kikubwa cha maji. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo ya ghala, wa rangi ya udongo, sikio moja limekatwa ncha. Nilijizuia kumtazama. Nilimtazama.

Shangazi alinishika bega tukasimama mbele ya kaburi, ambalo lilikuwa tuta lenye mawe tu. Alikuwa na kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa na maji. Aliongea na Bibi kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Alimwambia nani amekuja na nani ameshindwa nauli. Kisha akanigeukia, akarudi kwenye Kiswahili, kwa ajili yangu mtoto wa mjini.

"Sema, Kalunde. Bibi amekukataza nini?"

Maneno yalikuwa mawili. "Amenikataza nyama." Nilikuwa nimeyarudia kwenye treni tangu Tabora, na sauti ilikuwa tayari kooni. Ningeyasema, ningeachwa maisha yangu yote. Hakuna samli ya kufichwa, hakuna zahanati, hakuna kisimani. Na mbuzi mwingine angeandikwa jina langu.

"Sema, mama. Usiogope."

"Bibi hakunikataza kitu," nikasema.

 Kuni zikapasuka chini ya chungu.

"Anaogopa," Shangazi akawaambia watu. "Sema vizuri."

"Bibi alikula mguu mzima wa mbuzi. Hapa hapa Tura. Akaramba mfupa. Shangazi, wewe ndiye uliyetuambia."

Babu mmoja, mdogo wake Bibi wa mbali, akacheka kwa pua kabla hajajizuia. "Hilo ni kweli," akasema. "Na fungu langu aliula."

"Nyamaza wewe!" Shangazi akasema, na sikujua ananiambia mimi au yeye. Mama alinifinya mkono juu ya kiwiko, ile sehemu laini. Baba akasogea mpaka akasimama mbele yangu.

"Kama si bibi yako," akasema taratibu, "ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, baba. Sitaki. Sitaki nyama, wala samli, wala asali, na sitaki huyu achinjwe kwa ajili yangu. Yule mweupe alitosha."

 Sikuwahi kusema sitaki mara tatu mbele ya mtu mzima, na hapa palikuwa na watu wazima ishirini, na marehemu kaburini. Nilisubiri kofi. Baba alikuwa ameinua mkono, sijui kunipiga au kujikuna, akaushusha. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu hili halikuwa na utaratibu. Mtoto mwenye mwiko ana utaratibu. Mtoto mwenye homa ana utaratibu.

Mmoja wa wajomba akakohoa. "Sasa," akasema, "mbuzi je?"

"Maji yamechemka," akasema mwanamke mmoja jikoni.

"Watu wametoka mbali," akasema mwingine.

Na mbuzi akachinjwa. Si kwa ajili ya Bibi, si kwa ajili yangu, bali kwa sababu watu walikuwa na njaa na maji yalikuwa yamechemka. Nilisimama nikaona yote, maana sikutaka tena kuamka na kukuta nguzo tupu. Na pale, nikiwa nimesimama, ile sheria yangu ilianguka. Hapakuwa na nafasi ya kufa iliyoandikwa jina langu. Yule mweupe hakuchukua kitu changu. Watu walimleta, watu walimla, na mimi nilipona kwa sababu homa ilikwisha. Mwaka mzima wa majivu na chungu, na sikuwa nimemwokoa mbuzi hata mmoja.

Shangazi alikuja na kipande cha ini lililochomwa, juu ya jani. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa na hoja.

"Haya," akasema. "Bibi hakukukataza. Umesema mwenyewe mbele ya watu. Huyu amekwishakufa, na hukumuua wewe. Basi hakuna kinachokuzuia. Kula."

Alisema kweli, kila neno.  Nilikuwa sijala tangu Tabora, na ini lilinukia hivyo hivyo kama mnavyojua linavyonukia, lenye chumvi, linatoa maji pembeni. Nilitafuta hofu yangu ndani ili inisaidie kukataa, kama ilivyonisaidia mwaka mzima. Haikuwepo. Hapakuwa na homa inayonisubiri, hapakuwa na marehemu, hapakuwa na mtu wa kumtupia lawama. Palikuwa na mimi tu na mdomo uliojaa mate.

"Ahsante, Shangazi," nikasema. "Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Shangazi alimtazama Baba. Wote walimtazama Baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia yake ya genge iko gotini. Alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko treni, na sikuinamisha macho, ingawa ndivyo nilivyolelewa.

"Mama Masanja," akasema mwisho, "kuna kunde hapa?"

"Zipo."

"Mpe huyo mkaidi kunde zake. Na zisitiwe kitu. Atajua."

Yule babu akacheka tena, safari hii kwa sauti, na wengine wakamfuata, hata wanawake wa jikoni. Haikuwa heshima. Hakuna aliyenipisha wala kuniinamia, na mtoto wa mjomba alipita na mfupa akaupeperusha puani mwangu. Shangazi alikula lile ini mwenyewe, akitafuna kwa nguvu, akinitazama kila tonge. Jina lilikamata pale pale, likaenea kabla chakula hakijapoa. Kufikia alasiri hakuna aliyekumbuka kuniita Kalunde.

"Mkaidi!" Mama akaita kutoka jikoni. "Mkaidi, njoo uchukue bakuli lako!"

"Abee!" nikaitika, kwa sauti kubwa, kuliko nilivyowahi kuitikia jina la bibi, nikaenda.